Je, Ushindi wa Karata ni Baraka?



Mwaka jana, jioni moja ya Jumapili, alinijia nyumbani kijana niliyemfundisha hesabu alipokuwa darasa la sita. Nasema kijana, ingawa sasa ana mke na watoto wawili, naye ni fundi umeme mwenye sifa njema mjini Dar es Salaam. Baada ya kuniamkia na kunywa chai, alitoa bahasha akaiweka mezani. Ndani yake mlikuwa na shilingi 260,000. "Mwalimu," aliniambia, "hili ni fungu la kumi. Naomba uwapelekee wazee wa kanisa kwa ajili ya mabati, lakini usilitaje jina langu."

Nilifurahi sana, maana paa letu upande wa kwaya linavuja, na hakuna asiyejua. Nikamwuliza ni kazi gani hiyo iliyomlipa shilingi 2,600,000 kwa mara moja. Akainamisha kichwa. Kisha akanieleza kwamba fedha hizo hazikutoka katika umeme. Alizipata Jumamosi ya juma lile, kwenye meza ya karata, ndani ya kasino. "Ndiyo sababu sikumpelekea Padri mwenyewe," akasema. "Niambie kwanza wewe, Mwalimu. Je, nimekosa?"

Swali lile sikuweza kulijibu jioni ile. Nimekuwa nikilitafakari tangu hapo, na kwa ruhusa yake nawaletea ninyi niliyoyaona. Msinidhanie mtakatifu katika jambo hili. Nilipokuwa mwalimu kijana nilinunua tiketi za bahati nasibu kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, nikazificha ndani ya kamusi ili mke wangu asizione. Mtu anayeficha kitu katika kamusi tayari anajua maana ya anachokifanya.

Kwanza, tuuelewe mchezo wenyewe, kwa kuwa si haki kuhukumu kitu tusichokijua. Huitwa pokeri. Huchezwa kwa karata 52, na katika namna inayochezwa sana siku hizi kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa matumizi ya wote. Kila hatua, wachezaji huweka fedha, au huongeza, au hutupa karata zao na kujitoa. Anayebaki na mpangilio mkubwa kuliko wenzake, au anayewatisha wote wajitoe, ndiye azoaye fedha zote zilizorundikwa.

Ipo tofauti kubwa kati ya mchezo huu na lile gurudumu la kasino ambalo kijipira huzunguka na kuangukia namba. Gurudumu lenye namba 37 humlipa mshindi wa namba moja mara 35 ya alichoweka, na kwa tofauti hiyo ndogo kasino hula daima. Hapo mchezaji hupambana na kasino. Katika pokeri kasino haichezi. Hutoa meza, viti na mgawaji karata, kisha hukata ushuru katika fedha za mezani. Fedha azishindazo mtu hutoka mfukoni mwa aliyeketi mbele yake, ambaye magoti yao yanakaribia kugusana. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Kijana wangu alinisimulia siku yake. Huenda kule na wenzake wa kazini baadhi ya Jumamosi, kama wengine waendavyo kutazama mpira. Siku hiyo aliingia na shilingi 500,000. Walikuwa watu tisa mezani. Saa mbili za kwanza alipoteza kidogo, akapata kidogo. Mkabala naye aliketi mzee mmoja wa umri kama wangu, mpole, mwenye kofia, aliyekuwa akipangusa uso kwa leso kila mara.

Katika mchezo mmoja kijana hakuwa na karata ya maana hata moja, lakini alisukuma sarafu nyingi za plastiki katikati, kwa utulivu, kama mtu mwenye mpangilio mkubwa. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatupa karata zake. Alikuwa nazo zilizo bora. Kijana akazifunua zake watu wazione, meza nzima ikacheka, na mzee pia akacheka. Saa moja baadaye kijana alipewa ree mbili, jambo litokealo mara moja tu katika kila mara 221, na ree ya tatu ikafunuka mezani. Akasukuma sarafu zake kwa utulivu uleule. Safari hii mzee hakukubali kuchekwa tena. Aliweka zote alizokuwa nazo, akazipoteza. Akaenda dirishani kununua nyingine, akarudi, akapoteza, akaenda tena. Alipoondoka alikuwa amepoteza shilingi 1,200,000, nyingi kati yake zikiwa mbele ya kijana wangu.

"Nje nilimkuta amesimama," kijana aliniambia. "Akaniomba nauli. Nikampa elfu kumi." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Mwalimu, wakati ule nilijiona mtu mwema."

Baada ya kusimulia hayo alileta hoja zake, na ni hoja za mtu mwenye akili. Nazieleza kwa haki kama alivyozitoa.

Hoja ya kwanza ni ya ridhaa. Hakuna aliyeburutwa. Wote ni watu wazima, na sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18. Kila mmoja alijua kwamba anaweza kupoteza. Basi iko wapi amri ya nane iliyovunjwa?

Nakubali kwamba hakuiba. Lakini Mkristo hakuitwa kuepuka wizi tu. Paulo Mtume anawaagiza Wafilipi kwamba kila mtu aangalie pia mambo ya wengine, wala si yake pekee (Flp. 2:4). Mezani pale agizo hili haliwezekani kutimizwa. Mchezaji anayemhurumia jirani yake anacheza vibaya. Anayecheza vizuri humtafuta mnyonge wa meza na kumwandama yeye. Kijana alikiri kwamba ndivyo wachezaji wanavyoshauriana: ukikaa, kwanza mtafute anayepangusa uso. Mwenzako amekubali kupoteza, ndiyo, lakini kukubali kwake hakukulazimishi wewe kutaka apoteze. Amri ya kumi inaitazama nia kabla haijautazama mkono.

Hoja ya pili ni ya ujuzi. Alisema kwamba pokeri si bahati tupu. Ina hesabu, subira na kuwajua watu. Hapa nilimkubalia zaidi kuliko alivyotazamia. Mwaka 1654 Pascal na Fermat, wanahisabati wawili wa Ufaransa, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa, na kutokana na barua hizo ikaanza elimu ya uwezekano ambayo leo inatumika katika bima na tiba. Karata zina elimu ndani yake. Lakini ujuzi haugeuzi tendo kuwa jema. Tuulize ujuzi huo unaleta nini mezani ambacho hakikuwapo.

Tukachukua karatasi, tukahesabu kama zamani darasani. Tuseme watu tisa wameingia na shilingi 500,000 kila mmoja. Jumla ni 4,500,000. Tuseme kasino inakata shilingi 5,000 katika kila mchezo, na kwa saa moja huchezwa michezo 25. Kwa saa sita ni michezo 150, na ushuru wake ni shilingi 750,000. Basi usiku watu walewale tisa wanagawana 3,750,000. Hapakulimwa tuta, hapakushonwa shati, hapakutibiwa mgonjwa. Na fedha zimepungua. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Mgema wa pale hakushika karata hata moja.

Hapo ndipo hoja yake ya tatu inapojibika. Alisema, "Mwalimu, hata mkulima anabahatisha. Hupanda asijue mvua itanyesha au la. Mfanyabiashara hununua asijue atauza au la." Ni kweli, maisha yote yana hatari, na anayekataa kila hatari humfanana yule mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake. Lakini mkulima akipata magunia ishirini, hakuna jirani aliyepungukiwa magunia ishirini kwa ajili hiyo. Fundi akiweka waya, mwenye nyumba anapata taa na fundi anapata ujira. Wote wawili wanalala na kitu ambacho asubuhi hawakuwa nacho. Sisi tuliosoma siasa shuleni na vyuoni tunakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kutazama pato la mtu na kuuliza ni jasho la nani. Mambo mengi yamebadilika tangu siku zile, lakini swali hilo halijazeeka.

Askofu Mkuu William Temple, aliyekuwa Canterbury toka 1942 hadi kifo chake mwaka 1944, aliipinga kamari kwa sababu zinazokaribiana na hizi: kwamba inaitukuza bahati tupu katika ulimwengu wenye mpango wa Mungu, kwamba inasahau kuwa mali ni amana, na kwamba faida ya mmoja hufungwa katika hasara ya mwingine. Hakusema kila anayecheza ni mwovu. Alisema mchezo wenyewe unafundisha funzo lililo kinyume na tunalolifundisha kanisani.

Kisha kijana alinitajia mtu ambaye, kama asemavyo, kila mcheza pokeri anamjua: Mmarekani mmoja, karani wa hesabu, ambaye jina la ukoo wake ni kweli Moneymaker, yaani mtengeneza fedha. Mwaka 2003 alipata nafasi katika mashindano makubwa ya Las Vegas kwa mchezo wa kufuzu uliomgharimu chini ya dola 100, wakati ambapo kiingilio kilikuwa dola 10,000. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Akawashinda wote, akatwaa dola 2,500,000, na mchezo unaokumbukwa sana ni ule alioutwaa kwa kumzuga mpinzani mzoefu huku yeye mwenyewe hana kitu.

Nikamwuliza walikuwa wangapi. Akasema 839. Basi tulimjua mmoja. 838 ni akina nani? Waliopata malipo yoyote walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Na habari ya mmoja huyo ikawavuta wengine: mwaka uliofuata walifika 2,576, na mwaka 2006 walikuwa 8,773. Siku moja ya ushindi wa mtu mmoja ilifungua milango ya nyumba nyingi. Ndiyo maana wahenga wakasema, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Nikamwambia, "Mwanangu, tumehesabu meza. Sasa tukuhesabu wewe. Tangu Januari umekwenda mara ngapi?" Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuwa na daftari. Lakini ni mtu mkweli, na simu yake ilikuwa na kumbukumbu ya fedha alizotoa. Tulikaa hadi saa tatu usiku. Alikwenda mara 19. Alipata mara sita na kupoteza mara 13. Siku ile kubwa ilimpa 2,600,000, na zile tano ndogo 900,000, jumla 3,500,000. Hasara za siku 13 zilifika 3,350,000. Faida ya mwaka mzima ilikuwa shilingi 150,000, bila kuhesabu usafiri na chakula.

Alitazama ile karatasi, akaitazama bahasha. Fungu la kumi alilolileta lilikuwa kubwa kuliko faida yote. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa siku moja na kuzisahau siku 13, na katika siku hizo 13 hakuna hata moja aliyomwambia mkewe. Hapa nilijiona mimi mwenyewe na kamusi yangu.

Lipo jambo la nne, ambalo yeye hakulitetea, ila mimi nililiuliza. Je, kuzuga ni uongo? Wengi husema si uongo, kwa kuwa kila aliyekaa mezani anajua kwamba wenzake wanazuga. Ni kama mchezaji wa mpira anayeonyesha kwenda kulia akaenda kushoto. Nadhani wanasema kweli kwa sehemu. Uongo ni kuivunja imani ambayo mtu ana haki ya kuwa nayo juu yako, na mezani hakuna aliyeahidi kuaminika. Hata hivyo fikirini juu ya yule mzee. Mara ya kwanza alimwamini kijana, akaaibishwa. Mara ya pili hakumwamini, akafilisika. Alifundishwa na mtu huyohuyo kwamba kuamini ni ujinga, kisha akatozwa gharama ya kutoamini. Mimi ni mwalimu. Najua funzo lililopangwa vizuri nikiliona. Huenda si uongo. Lakini saa sita za kujizoeza kuusoma uso wa mtu ili umdhuru si mazoezi mazuri kwa mtu ambaye kesho yake asubuhi atawapa jirani zake mkono wa amani.

Nilimwuliza, "Mzee yule anaitwa nani?" Hakujua. Walikaa pamoja saa sita, akalijua kila tendo la mkono wake, akajua wakati gani anaogopa, wala hakujua jina lake.

Sasa bahasha. Kwangu hili ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu paa linavuja kweli. Wako watakaosema kwamba fedha haina dhambi, na ikiletwa mahali pema hutakasika. Wana mifano. Jumba la makumbusho la taifa la Waingereza, London, lilianzishwa kwa fedha za bahati nasibu ya mwaka 1753. Na tangu bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilipoanza mwaka 1994, makanisa mengi ya kale ya huko, pamoja na makanisa makuu ya Kianglikana, yametengenezwa kwa ruzuku zitokanazo nayo. Siwalaumu, kuta zao zilikuwa zikibomoka.

Lakini nakumbuka kwamba hata wale makuhani wakuu, waliokuwa na hatia kubwa, waliona aibu kutia fedha za Yuda katika sanduku la hekalu (Mt. 27:6). Nakumbuka askari walipiga kura juu ya vazi la Bwana wetu penye miguu ya msalaba, wasiinue macho (Yn. 19:24). Najua pia kwamba Mitume walipiga kura kumpata Mathiya; lakini kura ile haikumnyang'anya mtu kitu. Na zaidi ya yote namkumbuka mfalme Daudi katika uwanja wa Arauna. Alipewa bure ng'ombe na kuni za sadaka, akakataa, akanunua, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu yeye (2 Sam. 24:24). Bahasha ile ilikuwa imemgharimu mtu, lakini hakuwa yule aliyeileta.

Kwa hiyo nilimrudishia. Nilimwambia, "Kanisa litangoja. Mwenye fedha hii yupo, na wewe unajua mahali anapoketi."

Alikwenda Jumamosi mbili, akakaa bila kucheza, mzee asionekane. Jumamosi ya tatu alimkuta. Akamwita kando, akamwuliza jina lake, akampa bahasha na kumweleza kwa nini. Ningependa kuwaambia kwamba mzee alilia, wakaenda zao pamoja. Haikuwa hivyo. Mzee alikasirika. "Sihitaji msaada wako," alisema. "Kaa hapo, iweke mezani, niishinde."

Kijana hakukaa. Alirudi nyumbani na bahasha, akamsimulia mkewe yote, pamoja na zile siku 13. Mazungumzo yao hayo si yetu. Hajarudi kasino tangu siku ile. Huenda mara kwa mara kumsalimu yule mzee kwake, kwa kuwa sasa anajua jina lake na nyumba yake, wala hawazungumzi juu ya karata. Zile fedha bado ziko kwa mkewe. Wamekubaliana kwamba siku mzee au watu wa nyumbani mwake watakapokuwa na shida ya hospitali au ada, zitakuwa hapo.

Ndugu zangu, nimeandika juu ya kasino, ambayo wengi wetu hatutaingia kamwe. Lakini leo meza hiyo imo mfukoni mwa watoto wetu, ndani ya simu. Wanabeti mpira wakiwa kitandani, na wanapopata shilingi elfu ishirini twasikia kelele za furaha. Wanapopoteza hatusikii chochote. Wazazi, msianze kwa kufoka. Anzeni na karatasi na kalamu, mkae nao kama nilivyokaa mimi, mwandike siku za kupata na siku za kupoteza kwa safu mbili. Hesabu iliyo wazi inaweza kufanya kazi ambayo karipio halikuiweza. Na mtoto akiuliza ninyi mlificha nini mlipokuwa vijana, mjibuni kweli.

Kuhusu paa, Padri ametangaza kwamba mchango wa mabati utaendelea hadi Kwaresima. Yule fundi umeme amejitolea kutengeneza nyaya zote za kanisa kwa siku tatu bila malipo, kwa vifaa vyake. Sadaka hiyo wazee wa kanisa wameipokea.

Bwana atupe moyo wa kuridhika na tulichokifanyia kazi, na macho ya kumwona aketiye mbele yetu. Amina.